Kisingizio Kilifika Kabla ya Mechi

Kwenye banda umiza la mtaani kwetu, Temeke, kuna jamaa hatazami mpira. Anausikiliza. Anakaa mlangoni na karedio kake sikioni, ameipa runinga mgongo, na kwa kuwa king'amuzi cha pale kinachelewa nyuma ya redio kwa sekunde kadhaa, yeye ndiye anayetutangulia kujua. Mwenye banda ameshamgombeza mpaka amechoka.

Jumapili ya Mei 25, 2025, marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba na RS Berkane ya Morocco pale Amaan, Zanzibar, jamaa aliruka kabla yetu sote.

"Mukwalaaa!"

Tukakazia macho skrini, na kwenye skrini mpira ulikuwa bado haujamfikia Mukwala, mshambuliaji wetu. Sijui nizieleze vipi zile sekunde. Unashangilia goli ambalo hujaliona, huku roho inakudunda lisije likakoswa, na hali limeshafungwa! Kisha likaingia kweli. Mbili bila, jumla tumelingana na Waarabu. Soda ya mtu ikanimwagikia mgongoni, wala sikugeuka kumtazama ni nani.

Nilipomtafuta tena jamaa wa redio, alikuwa ameshakaa. Kiganja kimeziba sikio la pili ili asikie vizuri. Sisi bado tunakumbatiana.

"VAR," akasema. Waamuzi wanalitazama upya goli kwenye video.

Kimya kidogo.

"Kaotea."

Skrini ilichukua muda wake kutuambia lile ambalo mlango ulishatuambia. Dakika za nyongeza Soumaila Sidibe wa Berkane akasawazisha, ikaisha 1-1, jumla 3-1, na kombe likaenda Morocco. Watu walianza kutoka kabla halijakabidhiwa.

Kutoka lile banda hadi Uwanja wa Benjamin Mkapa unaweza kwenda kwa miguu. Jioni ile ulikuwa mtupu, na fainali yetu ilikuwa imechezwa ng'ambo ya bahari. Tukawa tunatembea makundi makundi, jezi nyekundu begani, na sentensi ikawa moja kila kundi ninalopishana nalo:

"Ingekuwa Kwa Mkapa, wasingetoka."

Hakuna aliyebisha. Aliyeanza kuisema pale bandani simjui. Si ajabu nilikuwa mimi. Kilichonisumbua kwa wiki nyingi baada ya hapo si VAR, wala si kadi nyekundu ya Kagoma. Ni jinsi ile sentensi ilivyotoka kirahisi. Mtu aliyeumia hutafuta maneno. Sisi yetu yalikuwa tayari mdomoni.

## Siku walipotuhamisha

Habari za kuhamishwa fainali zilizunguka kwanza kama uvumi, halafu zikathibitishwa: masika yamelichakaza eneo la kuchezea la Mkapa, CAF, shirikisho la soka la Afrika, hawaridhiki nalo, marudiano yanapelekwa New Amaan Complex, Zanzibar.

Mjini hapakukalika. Uwanja wa watu 60,000 unaachwa, mnapelekwa kwenye wa watu 15,000 hivi? Kila mwenye simu akawa mtaalamu wa nyasi na mifereji ya maji. Wengine waliiona njama. Wengine walilaumu waliotakiwa kuutunza uwanja, na hapo walikuwa na hoja, ila sitaki kuifungua leo.

Mimi nami nilikasirika. Nilipiga kelele kama wenzangu, na kelele zenyewe zilikuwa za kweli. Lakini chini ya zile kelele kulikuwa na kitu kingine, na nilikisikia vizuri tu wakati ule ule: nilishusha pumzi.

Tulikuwa tumeshapigwa 2-0 kule Berkane. Kama marudiano yangekuwa Kwa Mkapa, na uwanja umefurika mpaka kwenye ngazi, halafu tukashindwa, ningesema nini? Sasa nilikuwa na la kusema. Mechi haijachezwa, na sababu ya kushindwa imeshafika, tena imeletwa na CAF wenyewe kwa barua.

Na uoga wa Amaan haukuwepo. Nusu fainali tuliichezea hapo hapo, Aprili 20, tukamfunga Stellenbosch moja bila kwa faulo ya Jean Charles Ahoua, na ile moja ndiyo iliyotupeleka fainali, maana kule Durban ilikuwa suluhu. Ukiwa mkweli, Amaan ilikuwa imetupa bahati. Hakuna aliyelikumbuka hilo wiki ile. Au tulilikumbuka tukaliacha, kwa sababu lingetunyang'anya kisingizio.

## Hesabu zilikuwepo

Asije mtu akadhani matumaini yetu yalikuwa ya kijinga. Hapana. Yalikuwa na hesabu.

Robo fainali tulikwenda Misri, Al Masry wakatupiga 2-0. Wiki moja baadaye, Aprili 9, wakaja Kwa Mkapa. Elie Mpanzu akafunga, Mukwala akafunga, mpaka mapumziko deni lote limekwisha. Kipindi cha pili kizima kilikuwa cha kusubiri tu, na kusubiri kule sikutamani kurudie. Kwenye matuta Moussa Camara akapangua mawili, tukashinda 4-1.

Nilikuwepo. Nilikaa mzunguko, nyuma ya mama mmoja aliyefunika uso kwa kanga tangu penalti ya kwanza. Kila penalti alimuuliza mwanawe, "Imeingia?" na mwanawe anajibu, "Yetu au yao, mama?" Mpaka mwisho yule mama hakuona penalti hata moja, na ndiye aliyelia kuliko sisi tulioziona zote.

Basi Berkane walipotupiga mbili, ilikuwa mbili ile ile. Mamadou Camara dakika ya 8, Oussama Lamlioui dakika ya 14, halafu basi. Dakika zote zilizobaki hawakuongeza. Sisi tukazishika zile dakika zilizobaki kama ushahidi: mnaona, tumewazoea, wameishiwa. Kama Al Masry alitoka na mbili zake, kwa nini Berkane asitoke na zake?

Unaona ujanja wa matumaini. Yanachukua mechi uliyofungwa na kuikata vipande: kipande cha dakika 14 ambacho "tulikuwa hatujaingia mchezoni", na kipande cha dakika 76 ambacho "tulikuwa sawa nao". Cha kwanza unakitupa. Cha pili unakibeba mpaka Zanzibar.

## Kati ya Mutale na Kagoma

Dakika ya 17 Joshua Mutale alifunga.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu nikiulizwa fainali ile ilikuwa nini kwangu, haikuwa Mukwala wala Sidibe. Ilikuwa ile nusu saa na ushee baada ya goli la Mutale. Moja tu imebaki. Mpira tunao sisi, muda tunao. Bandani watu waliacha kuongea kama mashabiki wakaanza kuongea kama wahasibu. "Tukipata ya pili kabla ya mapumziko, Berkane wataogopa." "Tusipate sasa, tupate dakika ya 60, ndiyo vizuri, wasipate muda wa kujipanga." Mzee mmoja jirani yangu alikataa kabisa goli la haraka. Alilitaka dakika ya 80. Alikuwa na sababu zake na alizieleza kwa utulivu mkubwa.

Mapumziko nilitoka nje kupunga upepo. Muuza mishikaki alikuwa anageuza bila kutazama jiko, macho yake kwenye simu ya mteja. Kila mtu anaongea na asiyemjua. Mtu alinishika mkono, simfahamu hadi leo, akaniambia, "Leo leo, ndugu yangu," nami nikamjibu, "Leo leo."

Nimeishangilia Simba tangu nikiwa mtoto na naweza kusema ile ndiyo saa nzuri kuliko zote. Nzuri kuliko hata usiku wa Al Masry, kwa sababu usiku wa Al Masry ulijaa hofu. Hii haikuwa na hofu. Nadhani haikuwa na hofu kwa sababu ya kile kisingizio. Tulikuwa tunacheza fainali tukiwa na bima.

Tuliporudi ndani, hata hatujakaa vizuri, Yusuf Kagoma akaonyeshwa nyekundu. Jamaa wa redio alituambia, tukamzomea. Tulidhani anatutania.

Kumi kwa kumi na moja, na bado unahitaji goli. Hapo mhasibu wa kweli angefunga daftari. Sisi hatukufunga. Pengine ndiyo maana goli la Mukwala lilituumiza vile: lilikuja wakati akili ilishakubali, moyo bado.

## Shemeji yangu wa Jangwani

Simu ilikuja usiku huo huo. Dada yangu ameolewa na Mwananchi, yaani shabiki wa Yanga, tena wa damu, na kwa miaka yote tumekuwa tukipeana pole za kinafiki.

"Shemeji, pole."

"Asante, shemeji. Ingekuwa Kwa Mkapa..."

Akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, sisi tulifungwa wapi?"

Nikanyamaza. Mei 28, 2023, fainali hii hii ya Shirikisho, mechi ya kwanza, Yanga na USM Alger. Pale pale Kwa Mkapa. Mahious akawatangulia, Fiston Mayele akasawazisha dakika ya 82, na dakika mbili baadaye Islam Merili akaiua. Wakaenda Algiers wakashinda moja bila kwa penalti ya Djuma Shabani, Djigui Diarra akadaka hadi penalti ya wenye nyumba, jumla 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa magoli ya ugenini, maana wao walifunga mawili kwetu na Yanga moja tu kwao. Yaani lile kombe Yanga hawakulipotezea Algiers. Walilipotezea hapa nyumbani, Temeke.

Nakumbuka nilikuwa wapi Merili alipofunga. Niliruka. Mtaa mzima wa Msimbazi uliruka, tukiishangilia klabu ambayo wengi wetu hatukuweza kumtaja mchezaji wake hata mmoja. Sioni aibu, utani wa jadi ndivyo ulivyo, na shemeji naye aliruka kwa Sidibe, aliniambia mwenyewe. Kumuombea mtani afungwe ni tumaini la bei nafuu ambalo mara nyingi hulipa, na nadhani ndiyo maana tunalipenda hivyo.

Ila swali lake lilibaki na mimi. Yeye kwa miaka miwili hakuweza kusema "ingekuwa Kwa Mkapa". Alikuwa na jingine: "Ile sheria ya goli la ugenini ni ya kizamani." Nilimsikia akilisema kila sikukuu, kwenye meza ile ile ya pilau, na kila mara nilikuwa namcheka.

## Kumbukumbu yetu inachagua

Baada ya simu ile nilianza kufanya jambo ambalo halimfai shabiki. Nilianza kukumbuka kwa haki.

Kauli mbiu yetu, "Kwa Mkapa hatoki mtu", haikutoka hewani. Msimu wa 2018/19 tulipigwa tano na AS Vita kule Kinshasa, tano nyingine na Al Ahly kule Misri, na wote wawili walipokuja Dar walifungwa: Ahly moja bila, Meddie Kagere, Vita 2-1, Clatous Chama dakika za mwisho, tukaingia robo fainali. Mwaka 2021 Ahly akarudi akala ile ya Luis Miquissone. Mtu aliyeziona hizo huwezi kumwambia uwanja ule ni nyasi na zege tu.

Lakini ni uwanja ule ule, Oktoba 24, 2021. Tumetoka Botswana na ushindi wa 2-0 dhidi ya Jwaneng Galaxy. Tunaongoza moja bila mpaka mapumziko. Yaani tuko mbele kwa matatu. Wakatufunga matatu kipindi cha pili wakapita kwa goli la ugenini. Walitoka. Walitoka mzima mzima, wakapanda ndege wakaenda zao, na sisi kauli mbiu tukaendelea nayo kana kwamba siku ile haikuwepo kwenye kalenda.

Na Januari ya mwaka ule ule wa fainali ya Amaan, 2025, tulicheza na CS Constantine Kwa Mkapa bila mashabiki, adhabu ya vurugu za mechi ya Sfaxien. Viti vitupu. Unaweza kusikia kocha akifoka. Tulishinda 2-0. Al Masry, na uwanja umejaa, tulishinda 2-0. Niliziweka hizo mbili pamoja kichwani na zikanikosesha raha, maana mimi hujiambia kwamba sauti yangu ilikuwa sehemu ya goli la Mukwala dhidi ya Al Masry. Kama ni hivyo, Constantine alifungwa na sauti ya nani?

Wazee watakukumbusha na 1979. Mufulira Wanderers wa Zambia walitupiga nne bila hapa hapa Dar. Watu walisema imekwisha. Simba ikaenda Zambia ikashinda tano bila. Hiyo ndiyo hadithi kubwa kuliko zote za kupindua matokeo katika klabu yetu, kila mtoto wa Msimbazi anasimuliwa, na haikutokea nyumbani!

Hata hivyo sikushawishika. Nataka niwe mkweli hapa. Nilizijua hizi zote, nilizipanga, na bado nikipita kando ya uwanja ule asubuhi nikienda kazini moyo ulikuwa unasema: Mei 25, hapa, tungewala.

## Halafu Lamlioui akaja

Mpira una tabia ya kukujibu maswali ambayo hukutaka kujibiwa.

Agosti ikaja CHAN, sisi, Kenya na Uganda wenyeji. Uwanja wa Mkapa umetengenezwa, unang'aa. Taifa Stars wakacheza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaona: wakawafunga Burkina Faso, Mauritania, Madagascar, wakaongoza kundi, robo fainali ya CHAN kwa mara ya kwanza. Na robo fainali yenyewe, Ijumaa ya Agosti 22, ni Morocco.

CHAN inachezwa na wachezaji wa ligi za ndani. Kwa hiyo mbele kwa Morocco alisimama nani? Oussama Lamlioui. Yule yule wa dakika ya 14.

Sikuweza kuomba jaribio safi kuliko hilo. Mtu yule yule, safari hii Kwa Mkapa, uwanja umejaa rangi za bendera, Simba na Yanga wamekaa kiti kwa kiti, shemeji yangu kushoto kwangu akiwa amenikatia tiketi yeye. Wimbo wa taifa ulipoimbwa nilihisi zege likitetemeka chini ya miguu. Nikamwambia shemeji, "Leo hatoki." Akaniambia, "Leo hatoki." Ilikuwa mara ya kwanza tunaisema pamoja.

Kipindi cha kwanza suluhu. Kipindi cha pili, karibu dakika ya 65, Lamlioui akafunga. Hakukuwa na jamaa wa redio wa kunitangulizia habari. Nililiona lote kwa macho yangu, kuanzia pasi.

Ikaisha hivyo. Moja bila. Wiki moja baadaye alikuwa Kasarani akifunga mawili kwenye fainali dhidi ya Madagascar, Morocco wakashinda 3-2 wakabeba, naye akawa mfungaji bora wa mashindano.

Shemeji hakunidhihaki. Hakuwa na mahali pa kusimama ili anidhihaki, naye alikuwa amefungwa. Tulipokuwa tunasukumana kutoka getini, mtu nyuma yetu akaanza: "Ingekuwa wachezaji wetu wa nje wanaruhusiwa..."

Tukatazamana na shemeji. Wengine wakadakia, "Kweli kabisa." Ndani ya dakika kumi hadi barabarani, ilikuwa imeshakuwa sentensi ya kila mtu.

## Deni la ugenini

Nilipotulia ndipo nikaona kile ambacho Kwa Mkapa kilikuwa kinanificha. Chukua tena orodha. Kinshasa, tano. Misri, tano. Mwaka 2021 robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, Kaizer Chiefs, Johannesburg, nne. Tukarudi nyumbani tukawafunga tatu, Bocco mawili na Chama moja, tukatolewa kwa goli moja huku tukijipongeza. Misri tena, Al Masry, mbili. Berkane, mbili ndani ya dakika 14.

Sisi ni wateja wa daftari la duka: tunakopa ugenini tukijua mshahara uko nyumbani. Na kwa kuwa mara kadhaa mshahara ulitosha kulipa, hakuna anayeuliza kwa nini tunakopa. Baada ya mechi ya Berkane, Mei 17, sikumsikia mtu hata mmoja kijiweni akikasirikia zile dakika 14. Wote tulikuwa tumeshaanza kuhesabu marudiano. Kama klabu ingepigwa mbili za haraka hivyo kwenye mechi ya ligi pale Morogoro, tungeandamana.

Sisemi wachezaji wanazembea kwa sababu mimi naimba kauli mbiu. Kina Fadlu Davids, kocha wetu wakati ule, walikuwa na video zao na mbinu zao, hawakusikiliza vijiwe. Berkane ni timu nzuri, walichukua na ubingwa wa Morocco msimu ule ule, na hili lilikuwa Kombe lao la Shirikisho la tatu. Huenda wangetufunga popote. Lakini sisi mashabiki ndio tunaoamua nini kinasameheka, na tumesamehe mechi za kwanza kwa miaka.

Basi nikaja na msimamo mpya, nikaona nimeiva. Nikaupeleka kijiweni, pale kwenye kahawa, kwa wazee wa Msimbazi. Nikawaambia: tuache habari za Kwa Mkapa. Tudai sare ugenini. Timu ikirudi na suluhu ya ugenini mkononi, hapo ndipo uwanja utakuwa na maana.

Mzee mmoja, ambaye kofia yake ya Simba imefifia mpaka imekuwa ya waridi, alinisikiliza hadi mwisho. Akanywa. Akauliza, "Suluhu ya ugenini?"

"Ndiyo, mzee."

"Tulikuwa nayo. Mwaka 1993. Fainali ya Kombe la CAF, na Stella, kule Abidjan. Sifuri kwa sifuri."

Najua kilichofuata, kila Mnyama anajua: wakaja Dar, wakatufunga mbili, Boli Zozo, mbele ya uwanja uliojaa tangu asubuhi. Lakini mzee aliisimulia yote upya, goli kwa goli, na wenzake wakawa wanamsahihisha nani alikuwa beki wa kulia. Mmoja alisema ingechezwa usiku tungeshinda, wale hawakuzoea. Mwingine akasema hapana, ni viatu. Zaidi ya miaka 30 imepita na bado wana visingizio vibichi.

Niliwauliza kama ule msiba ulikuwa mkubwa kuliko wa Amaan. Wakabishana hapo pia. Yule wa kofia akasema mkubwa zaidi, kwa sababu 1993 hawakuwa na wa kumlaumu. Walikuwa na uwanja, na watu, na suluhu. "Nyie mlipewa CAF mkamlaumu," akasema. "Sisi tulirudi nyumbani na mpira wenyewe."

Kijana aliyekuwa pembeni, simu mkononi, hakuwa anatusikiliza. Alikuwa anasoma ratiba ya Ligi ya Mabingwa, hatua ya awali.

"Gaborone United," akasema. "Tunaanzia kwao, Septemba 20."

"Botswana?" mzee akauliza. "Tena?"

"Botswana. Ya kwanza ugenini. Wakitufunga hata moja si neno," akasema kijana, "halafu waje Kwa Mkapa."

Wazee wakaguna. Nami nikamuuliza kama ameona tiketi zinaanza kuuzwa lini.